Shilingi ya Wapi? Makro na Nafasi za Majina katika Lisp

Maneno haya yalisemwa Mwanza, Jumamosi asubuhi, mbele ya waandishi wa programu na wanafunzi. Yamehaririwa kidogo, na vipande vya msimbo vilivyokuwa ukutani vimewekwa mahali pake.

Mwangaluka! Naona watu wa Malimbe mmeitikia kwa sauti kuliko wenyeji wa Kirumba, hilo tutalichunguza wakati wa chai. Shikamooni wakubwa zangu, na ninyi vijana habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie makro za Lisp, lugha ya kuandikia programu, na akaniomba pia nisiwaogopeshe. Ombi la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu kuna watu waliopita kabla yangu wakawaambia kuwa makro ni uchawi, ni za mabingwa, ukizigusa unaungua. Mimi nina neno moja tu la kusema, na nitalitetea mpaka nishuke hapa jukwaani: ugumu wa makro hauko kwenye mabano, wala kwenye zile alama za ajabu za nukuu. Uko kwenye majina. Makro ni kipande cha programu kinachoandika msimbo, yaani maandishi ya programu, ndani ya faili la mtu mwingine, na msimbo wowote una majina ndani yake. Sasa jina lililoandikwa na makro yangu, likatua kwenye faili lako, ni jina la nani? Langu au lako? Mtu asiyeweza kulijibu hilo kwa kila jina, moja baada ya jingine, asiandike makro kwanza. Aandike fanksheni, yaani kipande cha programu kinachopokea thamani na kurudisha jibu, atalala usingizi.

Historia nitaipita haraka. Lisp ilianzishwa na John McCarthy pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, na makala yake maarufu ikatoka 1960. Ile eval aliyoiandika McCarthy, yaani fanksheni inayokokotoa msimbo wa Lisp, ilikuwa ya karatasini. Steve Russell ndiye aliyeichukua akaitia kwenye mashine ya IBM 704, ikafanya kazi. Makro zenyewe zilikuja 1963, katika waraka mfupi wa Timothy Hart. Kwa hiyo wanaosema makro ni mtindo mpya wa vijana, wajue zimewatangulia wengi wenu kuzaliwa, na pengine wazazi wenu.

Kwa nini zilikaa vizuri kwenye Lisp? Kwa sababu katika Lisp msimbo na data vina umbo moja, yaani orodha ndani ya mabano. Ukiandika

```
(+ 200 300)
```

hiyo ni orodha ya vitu vitatu: jina la kujumlisha, na namba mbili. Kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo uwe kazi ya mashine, ikiifikia itaikokotoa na kupata 500. Lakini kabla haijafika huko ni orodha tu kama orodha nyingine. Unaweza kuikata, kuigeuza, kuipachika ndani ya nyingine. Makro ni fanksheni inayoitwa na kompaila katika wakati huo wa katikati. Inapewa orodha kama ulivyoiandika, haijakokotolewa, nayo inarudisha orodha nyingine. Hiyo iliyorudishwa ndiyo inayokwenda kukokotolewa. Fanksheni hupewa majibu, makro hupewa maandishi. Ukishika tofauti hiyo, umeshika nusu ya somo.

Tuingie kazini. Nitatumia Clojure, lugha ya ukoo wa Lisp ya Rich Hickey iliyotoka 2007, kwa sababu inakaa juu ya mashine ya Java na wengi wenu mna Java kwenye kompyuta zenu, mpende msipende. Tuseme tunatengeneza programu ya ushuru wa mizigo ya dagaa inayoshuka soko la Mwaloni. Kila mzigo una tozo yake, lakini hakuna risiti inayoandikwa chini ya shilingi 500. Kijana mmoja mwenye ari anaandika makro:

```
(defmacro angalau [chini kiasi]
  `(if (< ~kiasi ~chini) ~chini ~kiasi))
```

Ile nukuu iliyolala mwanzoni inasema: kinachofuata ni kiolezo, usikikokotoe. Kila penye kiwimbi (~) ni pengo la kujazwa kile alichoandika mtumiaji. Halafu anaitumia hivi:

```
(angalau 500 (toza mzigo))
```

Inapendeza kuisoma. Sasa tuikunjue tuone kompaila inaona nini. Clojure ina zana ya kazi hiyo, macroexpand-1, na ningekuwa na uwezo ningeiandika kwa rangi juu ya ubao wa kila darasa la programu. Matokeo ni haya:

```
(if (clojure.core/< (toza mzigo) 500)
  500
  (toza mzigo))
```

Mmeona? Toza imeandikwa mara mbili. Kama kazi ya toza ni kukata pesa kwenye simu ya mwenye mzigo, basi mama mwenye magunia mengi anakatwa mara mbili: mara ya kwanza wakati wa kulinganisha, mara ya pili wakati wa kurudisha jibu. Mwenye mzigo mdogo, ambaye tozo yake haifiki 500, anakatwa mara moja tu. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu kijana wetu akifanya majaribio hatumii gunia arobaini. Anatumia mzigo wenye tozo ya mia mbili, anaona jibu sahihi, anafurahi, anakwenda kula. Kasoro inawasubiri wateja wakubwa. Na wateja wakubwa wa Mwaloni mnawajua, hawapigi simu ya huduma kwa wateja, wanakuja wenyewe.

Dawa inajulikana: kokotoa mara moja, hifadhi jibu kwenye kibadilika, yaani jina linaloshika thamani, kisha tumia kibadilika hicho. Lakini ukishaunda kibadilika lazima ukipe jina. Na hapa ndipo tunaingia kwenye somo lenyewe.

Niwahamishe kidogo kwenye Common Lisp, ile iliyoandikiwa kitabu chake mwaka 1984 na kupewa kiwango rasmi cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1994. Huko koma inafanya kazi ya kiwimbi, let inaunda kibadilika, na kijana wetu angeandika hivi:

```
(defmacro angalau (chini kiasi)
  `(let ((k ,kiasi))
     (if (< k ,chini) ,chini k)))
```

Toza sasa inaitwa mara moja. Safi? Subirini. Mwenzake wa meza ya pili ana kibadilika chake anachokiita k, kwa maana ya kima, ndani yake kuna 500. Anaandika `(angalau k (toza mzigo))`. Tukikunjua:

```
(let ((k (toza mzigo)))
  (if (< k k) k k))
```

k ya mwenzetu imemezwa na k ya makro. Sasa programu inauliza kama kitu ni kidogo kuliko chenyewe, jibu ni hapana siku zote, na kinachorudi ni tozo ilivyo. Kima cha chini kimefutika. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna onyo, risiti ya shilingi 120 inatoka kama kawaida. Huku tunaita kunasa majina, na ni kasoro mbaya kwa sababu inategemea mtumiaji amechagua herufi gani. Ukitumia m badala ya k, kila kitu kinakwenda sawa.

Watu wa Lisp wameligombania jambo hili kwa miongo. Common Lisp ilikupa gensym, fanksheni inayotengeneza jina jipya ambalo hakuna binadamu anayeweza kuliandika kwa mkono. Ukisahau kuitumia, shauri yako. Watu wa Scheme, lugha ya Guy Steele na Gerald Sussman ya 1975, hawakuridhika na shauri yako. Mwaka 1986 Kohlbecker, Friedman, Felleisen na Duba walichapisha njia ya kukunjua makro kwa usafi, ambapo lugha yenyewe inahakikisha majina ya makro na majina ya mtumiaji hayagusani. Mwaka 1998, waraka wa tano wa Scheme ulifanya usafi huo kuwa sehemu ya lugha kwa kila mwenye kuitengeneza. Nawaheshimu sana watu wa Scheme. Ila ukiwasikiliza muda mrefu utaamini kwamba sisi wengine wote tunanuka.

Sasa kuna kitu watu wengi hawakitambui kuhusu ule mfano wa k. Katika Common Lisp, majina hukaa ndani ya pakeji, ambayo ndiyo nafasi ya majina ya huko, na jina hupata pakeji yake pale linaposomwa. Ikiwa makro imeandikwa kwenye pakeji moja na mtumiaji yuko kwenye pakeji nyingine, k ya makro na k ya mtumiaji ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kwa macho yetu zinafanana. Hazinasani. Kwa hiyo kasoro ile itaonekana tu pale makro na mtumiaji wanapoishi pakeji moja. Yaani nafasi za majina zilikuwa zinakulinda bila wewe kujua, na siku mtu akiamua kuunganisha pakeji mbili ili apunguze mafaili, ulinzi unaondoka na kasoro inafumuka. Ndiyo maana nasema mambo haya mawili hayafundishwi mbalimbali.

Nafasi ya majina ni nini basi? Twendeni sokoni hapo chini. Mnunuzi anakuja kutoka ng'ambo ya ziwa, anauliza bei ya gunia, anaambiwa shilingi kadhaa. Swali la kwanza la mwenye akili ni: shilingi ya wapi? Maana ziwa hili lina nchi tatu, na zote tatu zinaita pesa yake shilingi. Hadi mwaka 1966 ilikuwa shilingi moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ukisema shilingi Kisumu, Jinja au Mwanza, ni ile ile. Mwaka huo kila nchi ikatoa ya kwake. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni mwenyewe. Tangu hapo, shilingi peke yake haitoshi, lazima iambatane na nchi, isipokuwa pale ambapo wote tuko upande mmoja wa mpaka na hakuna wa kuuliza.

Nchi hapo ndiyo nafasi ya majina: inasema jina ni la nani. Sasa tuiandike hiyo shilingi kwenye Clojure; ns inatangaza nafasi ya majina, defn inaunda fanksheni.

```
(ns bei.tz)

(defn shilingi [n]
  (str "TSh " n))

(defmacro tangaza [kiasi]
  `(println (shilingi ~kiasi)))
```

Na faili la jirani:

```
(ns bei.ug
  (:require [bei.tz :as tz]))

(defn shilingi [n]
  (str "USh " n))

(tz/tangaza 500)
```

Swali langu kwenu: itachapisha nini? Nyoosheni mikono mnaosema USh. Wengi. Mnasema TSh? Haya, wachache. Wachache wameshinda. Inachapisha TSh 500, na sababu yake ni ile nukuu iliyolala. Katika Clojure nukuu hiyo haiachi jina uchi. Inapolisoma neno shilingi ndani ya kiolezo, papo hapo, pale makro ilipoandikwa, inalibadilisha kuwa jina kamili bei.tz/shilingi. Na println inakuwa clojure.core/println, kama mlivyoona alama ya ulinganisho ilivyokuwa clojure.core/< kwenye mfano wa kwanza. Kwa hiyo kiolezo kikisafiri mpaka faili la Uganda, kimeshabeba pasipoti. Hakijali kama huko kuna shilingi nyingine.

Mngeiandika makro hiyo hiyo kwa kuunganisha orodha kwa mkono, `(list 'println (list 'shilingi kiasi))`, jina lingebaki uchi, na kule Uganda lingeshika shilingi ya Uganda. Herufi zile zile, makro ile ile kwa kuisoma haraka, jibu tofauti.

Na vibadilika vya ndani je? Clojure imefanya jambo ambalo mimi naliona la akili nyingi. Kwa kuwa nukuu inaambatisha nafasi kwenye kila jina, ukijaribu kuunda kibadilika k ndani ya kiolezo, kitakuwa bei.tz/k, na kompaila inakataa katakata kuunda kibadilika cha ndani chenye jina la namna hiyo. Yaani ile kasoro ya kunasa, ambayo Common Lisp inakuachia uigundue mwenyewe kwa mteja, hapa inakuwa kosa la wazi kabla programu haijaanza. Halafu inakupa njia rahisi ya kutoka: weka alama ya reli (#) mwishoni mwa jina, nayo itatengeneza jina jipya lenye namba, la kipekee.

```
(defmacro angalau [chini kiasi]
  `(let [c# ~chini
         k# ~kiasi]
     (if (< k# c#) c# k#)))
```

Hii ndiyo angalau iliyo sahihi. Kila alichoandika mtumiaji kinakokotolewa mara moja, kwa mpangilio alioandika, na hakuna jina linalogusa la mwenzake. Na sasa kwa kuwa tumeitengeneza vizuri, naomba muifute. Clojure ina fanksheni inaitwa max, inafanya kazi hii hii, haina kasoro hata moja kati ya hizo tulizohangaika nazo. [Kicheko.] Nacheka nanyi, lakini nina maana. Makro nyingi ninazozikuta kwenye msimbo wa watu ni za namna hii: fanksheni iliyovaa koti la makro. Zaidi ya hapo, makro haishikiki kama kitu. Huwezi kuipa map ikapita kwenye orodha ya mizigo; jaribu kuipitisha and, ambayo nayo ni makro, uone kompaila itakavyokujibu kwamba huwezi kuchukua thamani ya makro.

Makro ya haki ni ipi? Ni ile inayohitaji kuzuia kitu kisikokotolewe mapema. Mfano wa huku kwetu: programu iko kwenye simu ya karani Ukerewe, mtandao unakuja na kuondoka. Tunataka kusema: jaribu kutuma hii, ikishindikana jaribu tena. Ukiiandika kama fanksheni ya kawaida na kuipa `(tuma risiti)`, risiti imeshatumwa kabla fanksheni yako haijaanza hata mstari wa kwanza. Inapokea jibu, au haipokei chochote kwa sababu kosa limeshatokea nje. Kwa hiyo hapa makro ina kazi ya kweli. Lakini tazameni ilivyo ndogo:

```
(defmacro jaribu-tena [mara & mwili]
  `(jaribu-tena* ~mara (fn [] ~@mwili)))
```

Basi, imeisha. Inachofanya ni kuufunga mwili ndani ya fanksheni isiyo na jina, na kuikabidhi jaribu-tena*, fanksheni ya kawaida inayojua kuzunguka, kushika makosa ya mtandao na kuhesabu. Akili yote iko kwenye fanksheni; makro ni ngozi. Faida zake mtaziona siku ya kazi. Fanksheni inajaribika peke yake. Ukirekebisha namna ya kuhesabu, unabadilisha fanksheni tu na wote wanaoitumia wanapata mabadiliko. Ungekuwa umeweka akili hiyo ndani ya makro, ungelazimika kukompaili upya kila faili lililowahi kuitumia, maana makro ikishakunjuliwa imeondoka, imebaki nakala yake kila mahali.

(Na kwa wale wa malipo: kurudia kutuma ni sawa tu kama kila jaribio linabeba namba ile ile ya muamala na upande wa pili unaitambua. Bila hivyo tumerudi kwa mama wa magunia.)

Kuna mtego mmoja hapa wa majina. Mtu nadhifu anasema, jaribu-tena* ni ya ndani, wateja hawapaswi kuiona, ngoja niifanye ya siri kwa defn- badala ya defn. Faili lake linakompaili vizuri. Faili la mwenzake linalotumia makro linakataa, linasema jina hilo si la wazi. Kwa nini? Kwa sababu makro imeandika jina hilo kwenye faili la mwenzake, na huko sheria za usiri zinamhesabu yeye kuwa mgeni. Makro haibebi ruhusa ya aliyeiandika. Ndiyo maana desturi ni kuiacha wazi na kuiwekea kinyota mwishoni, kama kuwaambia watu: mlango haujafungwa, ila siyo wenu.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo: makro ikiwa kazini, ikiuliza niko nafasi gani ya majina sasa hivi, kupitia `*ns*`, itajibiwa nafasi ya mtumiaji. Iliandikwa kwangu, inatekelezwa kwako. Nimeona watu wazima wakipoteza siku nzima kwa hilo.

Nafasi za majina zenyewe kila lugha ina adabu yake. Common Lisp unatangaza pakeji, unataja majina unayoyatoa nje. Mgeni anayafikia kwa nukta pacha moja, na akitaka ya ndani anaweka mbili, ili kila anayesoma ajue huyu ameingia chumbani bila hodi. Common Lisp pia inatenganisha majina ya fanksheni na ya vibadilika, jambo ambalo Gabriel na Pitman walilijadili kwa kirefu mwaka 1988, na linapunguza ajali za makro kwa kiasi chake. Racket ina moduli zinazojua hata wakati: jina la wakati wa kukompaili halichanganyiki na la wakati wa kuendesha. Emacs Lisp haina nafasi za majina kabisa. Kila mtu anabandika jina la maktaba yake, yaani mkusanyo wake wa fanksheni za kutumiwa na wengine, mwanzoni mwa kila fanksheni na kumwomba Mungu.

Ushauri wangu kwenye Clojure ni mfupi: leteni maktaba kwa jina la mkato, kama tulivyofanya na tz, na msimwage majina yote ya maktaba kwenye faili lenu. Mfano upo. Clojure 1.7 ilipotoka mwaka 2015 iliongeza fanksheni mpya inaitwa update kwenye msingi wa lugha. Neno gani la kawaida kuliko hilo? Maktaba nyingi zilikuwa tayari na update yao wenyewe, na siku hiyo wakaamkia maonyo kwamba jina limeshatumika na linafunikwa. Walikuwa hawajabadilisha hata herufi. Waliokuwa wanaita kwa jina la mkato upande wa watumiaji hawakusumbuka. Wale waliokuwa wamemwaga majina ya maktaba mbili mezani pamoja, wakisubiri siku ambayo zote mbili zitakuwa na jina moja, hao wanajua wenyewe.

Nimeona mikono miwili. Mzee wangu wa nyuma, karibu.

[Swali lilikuwa: Java haina makro na mabenki yanakwenda. Kwa nini kijana wa Mwanza ajisumbue?]

Ahsante mzee, na ni kweli yanakwenda. Lakini Java wakitaka neno jipya la lugha wanasubiri waliotengeneza Java. Katika Clojure, when, and, or, hata defn yenyewe ni makro. Si vitu vya ndani ya kompaila ambavyo wewe huwezi kuvifikia. Mwaka 2013 ilitoka core.async, ikaleta namna ya kuandika kazi zinazosubiriana kwa njia za mawasiliano kama ilivyo kwenye lugha ya Go. Ilikuja kama maktaba. Makro moja inaitwa go inauchukua msimbo wako na kuugeuza kuwa mashine ya hatua, hatua kwa hatua, bila lugha kuguswa. Hilo huwezi kulifanya kwa fanksheni. Ila nakubaliana nawe kwa sehemu: mradi wa kawaida unahitaji makro chache sana za kwake. Nyingi utazitumia tu, na kuzitumia vizuri kunataka ujue zinaandika nini kwenye faili lako.

Na wewe dada yangu wa mbele.

[Aliuliza: na nikitaka makusudi makro iunde jina ambalo mtumiaji ataliona na kulitumia?]

Swali zuri, nilikuwa naliogopa. Inawezekana. Ndani ya kiolezo unaandika kiwimbi kikifuatwa na nukuu ya kawaida, `~'jibu`, na jina jibu litatoka uchi, bila nafasi, litue kwa mtumiaji kama lilivyo. Watu wa Common Lisp walilipenda sana jambo hili: makro ya aina ya if ambayo inaweka matokeo ya sharti kwenye jina fulani linalojulikana, ukalitumia ndani bila kulitangaza. Inafupisha msimbo. Tatizo ni kwamba msomaji akikuta jibu kwenye faili hajui limetoka wapi. Hakuna mahali lilipotangazwa, na akitafuta kwenye faili zima halioni. Na ukiweka makro hiyo ndani ya nyingine ya aina hiyo hiyo, jibu la ndani linafunika la nje.

Kwa hiyo mimi ningekuomba umwachie mtumiaji achague jina mwenyewe. Clojure inafanya hivyo kwenye when-let:

```
(when-let [r (tafuta-risiti namba)]
  (chapisha r))
```

r imeandikwa na mtumiaji, kwenye mabano yake, mbele ya macho yake. Makro imelipokea na kulirudisha pale pale. Linakuongezea herufi chache za kuandika kuliko jibu la kujitokea, lakini kesho asubuhi karani mpya akilisoma ataona limetoka wapi. Ukiona bado unahitaji lile la uchi, liandike, ila kwenye maelezo ya makro sema wazi kwamba inaunda jina hilo, na uiwekee jaribio ambalo mtumiaji ana kibadilika chake chenye jina hilo hilo.